Mali Ikishauzwa Hairudishwi: Uongo Tunaouita Sheria

Kuna sentensi ambayo Mtanzania hukutana nayo mara nyingi kuliko ibara yoyote ya Katiba. Imechapwa chini ya stakabadhi za Kariakoo, imebandikwa nyuma ya kaunta za maduka ya Tegeta, na sasa imehamia kwenye kurasa za wauzaji wa mtandaoni: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Tumeisoma tangu utotoni tulipokuwa tukitumwa dukani, hata wengi wetu tunaamini kuwa ilitungwa na Bunge. Haikutungwa na Bunge. Ilitungwa na muuzaji, kwa faida ya muuzaji, na imepata nguvu ya sheria kwa sababu moja tu: sheria zenyewe tumeziacha kabatini.

Katika makala haya naipinga sentensi hiyo. Hoja yangu ni fupi. Maneno ambayo muuzaji anayatumia kuieleza mali yake ni ahadi, na ahadi ni deni. Uchakavu wa mali haulifuti deni hilo, wala umbali wa safari, wala ukweli kwamba fedha zimekwisha kupita kwenye simu. Na dola iliyojua namna ya kulisajili na kulitoza soko la mtandaoni haina udhuru wa kutojua namna ya kumlinda anayenunua humo.

Nitaijenga hoja hii juu ya mfano ambao baadhi ya wasomaji wataona ni mdogo: vyombo vya muziki vya mtumba. Nimeuchagua makusudi. Anayenunua shati la mtumba likachanika hupoteza shati. Anayenunua kinanda cha kufanyia kazi kikafika kibovu hupoteza kazi.

Mwaka huu vijana sita wa Mtongani, hapa Kunduchi ninakoishi, walichangishana shilingi 1,350,000. Ni vijana wanaopiga muziki kwenye harusi, sendofu na vipaimara kuanzia Mbezi Beach hadi Bunju. Siku za kazi baadhi yao huponda kokoto, wengine hushinda kwenye soko la samaki, na mwisho wa wiki ndipo wanapokuwa wanamuziki. Kwa muda mrefu walikuwa wakikodi vyombo, na kila shughuli sehemu kubwa ya malipo ilikwenda kwa mwenye vyombo. Wakaona kwenye ukurasa wa muuzaji mmoja wa mkoani seti ya mtumba: kinanda, mikisa ya njia nane na spika mbili. Maelezo yalikuwa mafupi na ya kujiamini: vyombo vimetumika kidogo, vinafanya kazi vizuri kabisa, ni kuchomeka na kupiga. Wakalipa fedha zote kwa simu kabla mzigo haujaondoka, kwa kuwa muuzaji hakukubali namna nyingine.

Mzigo ulishuka katika kituo cha mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis, ukiwa ndani ya maboksi ya mafuta ya kula yaliyofungwa kwa kamba ya katani. Ndani hamkuwa na sponji wala hata magazeti. Vitufe tisa vya kinanda havikutoa sauti, na viwili vilikuwa vimekatika. Spika moja ilikuwa imechanika. Mikisa haikuwaka kabisa. Wakaipeleka kwa fundi wa Tegeta, naye akawaonyesha mambo mawili. Nyuma ya mikisa palikuwa na kibandiko kinachosema volti 100. Ndani yake transfoma ilikuwa imeungua siku nyingi, fyuzi imeungwa kwa kipande cha waya, na vumbi limetanda juu ya lehemu.

Msomaji asiye fundi na aelewe maana yake. Umeme wetu wa majumbani ni volti 230. Chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya Japani, ambako umeme wa majumbani ni volti 100, kikichomekwa ukutani hapa kwetu bila transfoma ya kupunguza, huungua. Kwa hiyo mtu fulani alikwisha kuichomeka mikisa ile hapa nchini, ikaungua, akajaribu kuifufua, akashindwa. Kisha ikauzwa kama chombo kinachofanya kazi vizuri kabisa.

Vijana walikuja nyumbani jioni. "Shikamoo Mwalimu. Tunaomba utusomee hizi meseji, sisi tumeshindwa kuelewa kosa letu liko wapi." Nilizisoma zote. Kosa lao sikuliona. Niliyaona majibu matatu ya muuzaji, na nayaleta hapa kwa sababu si yake peke yake. Ni majibu ambayo soko zima limeyakariri.

Jibu la kwanza: "Kaka, huo ni mtumba. Mtumba hauna garantii."

Jibu hili linachanganya mambo mawili yaliyo mbalimbali. Mtumba maana yake ni kitu kilichokwisha kutumika. Haina maana ya kitu kilichokwisha kufa. Anayenunua kinanda cha mtumba amekubali mikwaruzo, rangi iliyopauka, kitufe kilicholegea kidogo, na umri uliosogea. Amekubali kwa sababu bei imemlipa kwa hayo. Hakukubali ukimya wa vitufe tisa, kwa maana hakuelezwa. Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, tuliyoirithi kutoka sheria ya Waingereza ya mwaka 1893, inasema jambo ambalo hata bibi yangu asiyejua kusoma angelisema: mali inapouzwa kwa maelezo, ni sharti la mkataba kwamba mali hiyo ilingane na maelezo. Sharti hilo halibagui kipya na cha mtumba. Halibagui hata muuzaji mkubwa na mtu anayeuza gitaa lake la nyumbani.

Na biashara ya mtandaoni, ukiitazama vizuri, yote ni mauzo kwa maelezo. Mnunuzi wa Kariakoo hugusa, hupiga, husikiliza, hunusa hata harufu ya waya ulioungua. Mnunuzi wa mtandaoni hana cha kushika ila maneno na picha. Ukimnyang'anya haki ya kuyategemea maneno, umembakishia nini? Wazee waliita hali hiyo kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Tofauti ya leo ni kwamba hata gunia hulioni. Unaona picha yake.

Haki hii ina mpaka wake, na ni haki kuutaja. Muuzaji akiandika, "Mikisa mbovu, haiwaki, nauza kwa ajili ya vipuri," mnunuzi akalipa, hana dai. Ukweli uliosemwa mapema humlinda muuzaji kuliko tangazo lolote la ukutani. Kinachodaiwa kwake ni kusema kweli, na kusema kweli hakuna gharama.

Zaidi ya hayo, kuna sababu ya kitaifa ya kukataa mantiki ya "mtumba ndivyo ulivyo." Mkataba wa Basel wa mwaka 1989, ambao nchi yetu ni mwanachama, ulizaliwa kwa sababu nchi tajiri zilikuwa zikisukuma taka zao za hatari kwenye nchi maskini. Na miongozo iliyotungwa chini ya mkataba huo kuhusu vifaa vya umeme inatofautisha kifaa kilichotumika kinachofanya kazi na kifaa kilichokufa. Cha kwanza ni mali. Cha pili ni taka. Tukikubali kwamba kisichowaka nacho ni mtumba halali, tumekubali kuwa jalala, tena jalala linalolipa nauli ya taka zake lenyewe.

Jibu la pili: "Nilikabidhi basi vikiwa vizima. Ongea na watu wa basi."

Hapa muuzaji ana nusu ya hoja, na nusu ya hoja ndiyo hatari zaidi kwa asiyejua. Ni kweli kwamba kwa sheria ya Sura ya 214, kumkabidhi mzigo msafirishaji kwa kawaida huhesabiwa kuwa ni kumkabidhi mnunuzi. Lakini sheria hiyohiyo inamtaka muuzaji afanye mapatano ya usafiri yanayofaa kwa aina ya mali na mazingira ya safari. Asipofanya hivyo, na mali ikaharibika njiani, mnunuzi anaweza kukataa kuhesabu makabidhiano hayo kuwa yake. Kinanda ndani ya boksi la mafuta ya kula, bila sponji, chini ya magunia kwenye buti la basi: je, hayo ndiyo mapatano yanayofaa? Na tukiacha safari kando, basi haliunguzi transfoma. Basi halifungi fyuzi kwa waya.

Jibu la tatu lilikuwa sentensi ile tuliyoanza nayo. Mali ikishauzwa hairudishwi, hela ikishaingia haitoki. Baada ya hapo muuzaji akawafungia namba.

Sentensi hiyo ina sheria inayoipinga moja kwa moja. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ndiyo iliyoiunda Tume ya Ushindani tunayoijua kwa herufi za FCC, inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, ikiwa ni pamoja na kumpotosha kuhusu haki alizo nazo. Kumwambia mnunuzi kwamba hana haki ya kukataa mali isiyolingana na maelezo ni kumpotosha kuhusu haki zake. Kwa hiyo kibao kile cha ukutani, ambacho sote tumekiheshimu kana kwamba ni tangazo la serikali, mara nyingi ni ushahidi dhidi ya aliyekibandika. Hata suala la nani agharamie kurudisha mzigo lina jibu. Mnunuzi mwenye haki ya kuikataa mali hawajibiki kuirudisha kwa muuzaji, isipokuwa walikubaliana hivyo. Inatosha kumjulisha kwamba ameikataa. Lakini asikawie, kwa maana anayekaa na mali muda mrefu bila kusema neno huhesabiwa kuwa ameipokea.

Hizo zote ni sheria zetu. Basi ni kwa nini vijana wale hawajalipwa hadi leo?

Walikwenda ofisi moja, wakaambiwa hilo ni suala la madai, si la jinai. Wakaenda ofisi ya pili, wakaombwa anwani ya muuzaji na jina lake kamili. Hawakuwa nayo, walikuwa na namba ya simu na jina la ukurasa. Wakaambiwa wakaitafute. Sizitaji ofisi hizo kwa sababu maofisa wake hawakuwa wabaya. Walifuata utaratibu waliofundishwa. Tatizo ni utaratibu unaomtaka aliyeibiwa amlete mwizi kwa jina, anwani na picha ndipo malalamiko yake yafunguliwe faili.

Na hapa ndipo jambo hili linapotoka kwenye kinanda na kuingia kwenye siasa. Mwaka 2015 Bunge letu lilitunga sheria mbili ambazo namba zake zinafuatana kama pacha. Sheria Na. 13 ni Sheria ya Miamala ya Kielektroniki. Sheria Na. 14 ni Sheria ya Makosa ya Mtandao. Muulize mwanafunzi yeyote wa chuo kuhusu Na. 14, atakueleza, pengine kwa sauti ya chini, maana amesikia ya watu waliofikishwa mahakamani kwa maneno waliyoandika. Muulize kuhusu Na. 13. Atakutazama tu. Ilhali Na. 13 ina sehemu nzima inayohusu ulinzi wa mlaji, na inamtaka anayeuza kwa njia ya kielektroniki ajitambulishe, aseme jina lake na mahali anapopatikana. Yaani anwani ile ambayo ofisi ya pili iliwadai vijana wa Mtongani, sheria ilikwisha kumdai muuzaji aitoe kabla hajauza hata waya mmoja.

Pacha mmoja amelelewa, amevishwa, amepelekwa shule, na leo anatembea mitaani na pingu mkononi. Pacha mwingine ameachwa utotoni. Sidhani kwamba hilo ni bahati mbaya. Sheria moja inamlinda mwenye mamlaka dhidi ya maneno ya raia. Nyingine inamlinda raia dhidi ya maneno ya mwenye mali. Tumechagua ipi tuilishe.

Asije mtu akaniambia kwamba serikali haina uwezo wa kulifikia soko la mtandaoni. Uwezo huo tumeuona. Mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni zilitutaka sisi wenye blogu kujisajili na kulipa ada zilizofikia takriban shilingi milioni 2, kwa kosa la kutaka kuandika. Tarehe 20 Januari 2020 zilianza kuzimwa laini za simu ambazo hazikuwa zimesajiliwa kwa alama za vidole. Julai 2021 ikaja tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, hadi wananchi walipopiga kelele ikapunguzwa. Mwaka 2022 ikaja kodi ya asilimia 2 kwa watoa huduma za kidijitali wa nje.

Tuyaweke hayo pamoja. Ile namba iliyopokea shilingi 1,350,000 za vijana wa Mtongani ina alama za vidole nyuma yake. Dola inamjua mwenye namba. Kampuni ya simu inamjua. Wakala aliyemtolea fedha ana kumbukumbu yake. Nchi nzima inamjua muuzaji yule isipokuwa mtu mmoja: aliyemlipa. Tulitoa vidole vyetu tukiambiwa ni kwa ajili ya usalama wetu. Nauliza kwa unyenyekevu: usalama wa nani hasa?

Kwa nini nalivalia njuga jambo la vyombo vya muziki? Kwa sababu historia ya muziki wetu wa dansi ni historia ya nani anamiliki vyombo. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa bendi ya jumuiya ya wafanyakazi. Ndiyo ukoo uliotupatia JUWATA, OTTU, na hatimaye Msondo Ngoma. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, tuliijua kwa miaka mingi kama bendi ya DDC, Shirika la Maendeleo Dar es Salaam. Katika mfumo ule mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, na magitaa, spika na ngoma vilikuwa mali ya mwenye bendi. Mwanamuziki akihama, alihama na vidole vyake na sauti yake. Fedha za kigeni zilikuwa adimu, hasa baada ya vita vya Kagera, na kijana wa kawaida hakuwa na njia ya kuagiza gitaa lake mwenyewe.

Milango ya biashara ilipoanza kulegezwa mwaka 1984, mtumba ulileta pamoja na mashati kitu ambacho wanauchumi wetu hawakukihesabu: kijana kumiliki chombo bila kuwa na bwana. Singeli isingetoka Manzese na Tandale kama ingelazimika kusubiri vyombo vya shirika. Ilitengenezwa kwa kompyuta za kawaida katika vyumba vya uswahilini, na mwaka 2017 mkusanyo wa Sounds of Sisso, uliotolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ukaupeleka muziki huo kwa wasikilizaji wa ng'ambo. Kwa hiyo anayemuuzia kijana chombo kibovu kwa maneno ya uongo hamwibii fedha tu. Anamrudisha kwa mwenye vyombo, akakodi tena, akawe kibarua tena. Vijana wa Mtongani leo wanakodi.

Najua hoja zitakazoletwa dhidi yangu, na sizikwepi.

Wapo watakaosema kwamba wauzaji hawa nao ni vijana maskini wanaojitafutia riziki, na kwamba mimi mwenye mshahara nataka kuwabebesha mzigo. Nawajibu kwamba mwathirika wa kwanza wa muuzaji mwongo ni muuzaji mkweli. Anayeandika "kitufe kimoja hakilii, spika ina mkwaruzo" hushusha bei yake kwa sababu ya ukweli wake, huku jirani yake akiuza kibovu kwa bei ya kizima. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko lisilo na haki methali hiyo hugeuka: kibaya ndicho kinachouzika, na kizuri kinaozea stoo. Kumlinda mnunuzi ni kumwondolea muuzaji mwaminifu mshindani asiye mwaminifu.

Wapo watakaosema wanunuzi nao ni waongo: mtu huangusha kinanda nyumbani kisha akadai kimefika kimevunjika. Ni kweli wapo. Dawa yake ni ushahidi, na ushahidi leo uko mfukoni mwa kila mtu. Muuzaji apige video chombo kikifanya kazi na kikifungwa, namba ya chombo ikionekana. Mnunuzi apige video akikifungua. Hapo mwongo wa upande wowote atajulikana. Uwezekano wa baadhi ya watu kudai kwa uongo haujawahi kuwa sababu ya kufunga mahakama.

Na wapo watakaosema tupige marufuku mtumba wote tujenge viwanda. Tuliisikia kauli hiyo mwaka 2016, wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walipoazimia kuondoa nguo za mitumba, na tuliona jinsi shinikizo la kibiashara la Marekani lilivyoturudisha nyuma huku Rwanda ikishikilia msimamo. Hata hivyo, kiwanda cha vinanda hatutakijenga mwaka huu wala mwaka ujao. Hadi hapo, kijana anahitaji mtumba unaowaka.

Basi kifanyike nini? Sidai mapinduzi. Nadai mambo manne ambayo mtumishi wa umma anayesoma hapa anaweza kuyaandikia dokezo kesho asubuhi.

La kwanza, Wizara ya Viwanda na Biashara pamoja na Tume ya Ushindani watoe kanuni fupi, kwa Kiswahili, kuhusu vifaa vya umeme vya mtumba vinavyouzwa mtandaoni. Muuzaji ataje jina na mahali alipo, ataje volti, ataje kasoro anazozijua, na ampe mnunuzi siku 7 za kujaribu.

La pili, Benki Kuu, inayosimamia mifumo ya malipo, ikae na kampuni za simu. Wazitake ziwe na huduma ambayo fedha za mnunuzi hushikiliwa hadi athibitishe kupokea mali inayolingana na maelezo. Tayari mtu akituma fedha kwenye namba isiyo sahihi upo utaratibu wa kuomba muamala urudishwe. Kumbe fedha zinaweza kurudi. Kinachokosekana ni uamuzi.

La tatu, malalamiko yafunguliwe kwa namba ya simu. Chombo cha umma kikishapokea namba iliyolipwa, kazi ya kumtambua mwenye namba iwe yake, kwa kufuata sheria, na siyo ya mlalamikaji. Mlalamikaji asipewe taarifa za mtu. Apewe haki yake. Sheria ya 2003 iliunda pia baraza la kuwatetea walaji. Na lionekane mitaani, siyo kwenye mabango ya maadhimisho tu.

La nne, madai madogo yapewe njia fupi. Jirani zetu Kenya waliiweka haki ya mlaji katika ibara ya 46 ya Katiba yao ya mwaka 2010, wakatunga Sheria ya Kumlinda Mlaji mwaka 2012, na mwaka 2021 wakafungua Mahakama ya Madai Madogo inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 za Kenya na kutakiwa kuyaamua ndani ya siku 60. Sisi tuna Mahakama ya Mwanzo, ambayo imesikiliza mashauri kwa Kiswahili tangu zamani na iko karibu na wananchi kuliko chombo kingine chochote cha haki. Kinachohitajika ni kuipa ratiba ya haraka kwa madai ya aina hii.

Kwa wanafunzi na wanaharakati nina ombi la tano. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Chukueni Sheria Na. 13, sehemu ya mlaji, iandikeni kwa Kiswahili cha mtaani, isambazeni kwenye makundi ya WhatsApp ya kwaya, bendi na maharusi. Mnajua kusambaza. Sambazeni na hiki.

Na kwa yeyote anayenunua chombo cha mtumba leo, kabla hayo manne hayajaja: uliza volti kwa maandishi. Omba video ya chombo kikipigwa siku hiyohiyo. Kataa kulipa zote kabla ya kuona mzigo, na ukishindwa, lipa sehemu. Fungua boksi mbele ya msafirishaji huku unarekodi. Usichomeke kabla ya kusoma kibandiko. Ukikuta kasoro, andika siku hiyohiyo kwamba umeikataa mali, na utunze kila meseji. Ushahidi huo hautakulipa wenyewe, lakini bila huo hata sheria nzuri haitakusaidia.

Taifa linaloweza kumtambua raia kwa kidole chake ili limtoze shilingi 10 linaweza kumtambua muuzaji aliyesema uongo. Tusikubali kuambiwa kwamba la kwanza ni maendeleo na la pili ni ndoto. Na kibao kile cha "mali ikishauzwa hairudishwi" kishushwe ukutani. Aliyekibandika akitaka kubandika kingine, aandike kilicho kweli: mali isiyolingana na maneno ya muuzaji ni ya muuzaji, na fedha ni za mnunuzi.